Jinsi ya kumuenzi mtunzi wa muziki wa filamu kwa piano, besi na ngoma

Mtaje Ennio Morricone, Mwitaliano mtunzi wa muziki wa filamu, mbele ya watu, na wengi wao watapiga mluzi. Watapiga ule wimbo wa The Good, the Bad and the Ugly, filamu ya kaboi ya Sergio Leone ya mwaka 1966, sauti mbili zinazopokezana, kisha watacheka. Mimi napiga piano hotelini, na wimbo huo naombwa kuliko hata nyimbo za harusi. Ukitaka kurekodi albamu ya kumuenzi mtunzi wa aina hii, kazi yako inaanzia hapo hapo: watu wanaupenda mluzi, wewe una piano, na piano haipigi mluzi.

Haya ninayoandika ni kwa mpiga piano ambaye tayari ana wenzake wawili, wa besi na wa ngoma, na anayejua kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za kutosha kiasi cha kuwa hatari. Nitaegemea mfano mmoja tangu juu hadi chini: Play Morricone ya 2001, albamu ya Mwitaliano Enrico Pieranunzi akiwa na Marc Johnson kwenye besi na Joey Baron kwenye ngoma, iliyotolewa na lebo ya CAM Jazz. Baadaye waliongeza ya pili. Kama mtunzi wako ni Nino Rota au Henry Mancini, badilisha majina tu, njia ni ile ile. Pieranunzi mwenyewe alimgeukia Rota kwenye Fellini Jazz ya 2003, na kundi kubwa zaidi.

Sikiliza kwanza, na ujue nani anapiga

Usikimbilie noti. Ipate albamu hiyo, uisikilize mara ya kwanza bila kushika simu, halafu uirudie ukimfuata Johnson peke yake, halafu Baron peke yake. Mpiga piano asiyejua besi inafanya nini kwenye trio, kundi la watu watatu, la aina hii ataishia kutengeneza albamu ya piano inayosindikizwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Historia ya hawa watu inasaidia kuelewa kwa nini muziki umekaa ulivyokaa. Morricone alizaliwa Roma mwaka 1928, mtoto wa mpiga tarumbeta, naye akasomea tarumbeta na baadaye utunzi katika konsavatori, chuo cha muziki, ya Santa Cecilia, chini ya Goffredo Petrassi. Jazz haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1962 Chet Baker, Mmarekani mpiga tarumbeta wa jazz aliyekuwa ametoka kifungoni Lucca, alirekodi Roma nyimbo kadhaa za Kiitaliano alizozitunga mwenyewe, na aliyezipangia muziki wa okestra alikuwa Morricone. Pieranunzi naye ni Mroma, wa mwaka 1949. Alirekodi na Baker huyo huyo, na kabla jina lake halijakua alikuwa mpiga piano wa studio aliyekaa ndani ya okestra zilizorekodi muziki wa filamu za Morricone. Kwa hiyo anapomuenzi, anamuenzi mtu ambaye karatasi zake yeye Pieranunzi aliwahi kuwekewa mbele ya macho.

Mimi na wewe hatukukaa kwenye okestra hizo. Lakini lazima ujue mlikutana wapi, wewe na huyo mtunzi, maana hapo ndipo utakapotoa uamuzi karibu wote. Mimi nilikutana na Morricone kanisani. Mwalimu wetu wa kwaya aliipenda ile oboe ya filamu ya The Mission ya 1986, akawa anaipiga kwa kinanda wakati wa sadaka, polepole mno, huku watu wakijipanga mstari na bahasha zao. Hadi leo siwezi kuisikia bila kutafuta hela mfukoni. Nikiipiga, naipiga kama muziki wa watu wanaotembea, na wapiga ngoma wakiniuliza mwendo gani, jibu ninalo.

Pima wimbo ukiwa mtupu

Sehemu hii usiiharakishe. Kwenye filamu za Leone, Morricone hakuandika melodi tu, aliandika na nani aitoe. Mluzi wa Alessandro Alessandroni, sauti ya Edda Dell'Orso isiyo na maneno, gitaa la umeme, kengele, mlio wa mjeledi. Wimbo ule wa 1966, ukiuweka kwenye solfa kama tulivyofundishwa kwaya, ni huu: mi, la, mi, la, mi, halafu do, re, la ya chini. Basi. Sauti tano za mwanzo ni mbili zinazobadilishana zamu. Uzito wote uko kwenye rangi: wahusika watatu wakuu wa filamu kila mmoja amepewa chombo chake, filimbi kwa mmoja, okarina kwa mwingine, sauti za watu kwa wa tatu. Sasa zipeleke sauti hizo hizo kwenye piano. Utasikia mtoto anayejaribu kengele ya mlango.

Pieranunzi alijua hilo, ndiyo maana huko hakwenda. Alichukua muziki wa filamu ambazo nje ya Italia wachache wamezitazama: Addio fratello crudele ya 1971, Mio caro dottor Gräsler ya 1990, Jona che visse nella balena ya 1993. Nadhani kulikuwa na sababu ya kibiashara pia, kwa kuwa CAM Jazz imezaliwa na CAM ya Roma, nyumba iliyochapisha muziki wa filamu kwa miongo mingi, na mtu aliye karibu na ghala huchukua kilichomo ghalani. Lakini hata bila hiyo, kimuziki uchaguzi ni sahihi. Melodi hizo zinasimama zenyewe, haijalishi nani anazitoa.

Kipimo changu ni hiki. Chukua wimbo unaoufikiria, uimbe kwa "la, la" bila chombo chochote, oktavu moja chini ya pale ulipouzoea, na kwa mwendo wa chini kidogo. Kisha upige kwa kidole kimoja. Kisha mpigie mtu ambaye filamu hajaiona, ukatishe katikati. Akiuliza "halafu?", umepata wimbo. Akisema "ah, nzuri", weka pembeni, hata kama wewe unaupenda sana. Mke wangu ndiye hakimu wangu kwa hili, na ana kauli fupi kuliko za mahakama ya mwanzo.

Kuna watakaosema: lakini rangi zile ndizo Morricone mwenyewe! Kweli. Ukizitaka, fuata njia ya John Zorn, mwanamuziki wa Marekani, aliyetoa albamu ya Morricone, The Big Gundown, katikati ya miaka ya themanini. Alikusanya wanamuziki wengi, kelele, vipande vilivyokatwakatwa, akaivunja kazi na kuijenga upya. Inawezekana, ila inataka watu na muda wa studio ambao trio haina. Kinachonifurahisha ni kwamba Joey Baron alipita njia zote mbili: ndiye aliyekuwa kwenye ngoma katika kundi la Zorn la Naked City, lililorekodi wimbo wa Morricone wa filamu ya Il clan dei siciliani kabla yeye hajakaa na Pieranunzi kuupiga muziki wa Morricone kwa utulivu. Njia ya tatu, ya kuiga rangi za okestra kwa kinanda cha umeme chenye sauti za mluzi ndani yake, naomba tuiachie harusi.

Na kabla hujaandika orodha ya mwisho, hakikisha nani alitunga nini. Ule wimbo wa mapenzi wa Nuovo Cinema Paradiso, filamu ya 1988, unaopigwa kila mahali kwa jina la Morricone, umetungwa na mwanawe Andrea. Charlie Haden na Pat Metheny walirekodi huo pamoja na wimbo mkuu wa filamu hiyo kwenye albamu yao ya 1997, ni moja ya rekodi ninazozipenda sana za besi na gitaa. Uweke kwenye albamu ukitaka, ila mtaje mtoto kwa jina lake.

Andika sauti mbili tu

Tafuta muziki halisi wa filamu, si mkusanyiko wa okestra isiyojulikana inayouza "nyimbo bora za sinema". Andika melodi, andika besi. Zilizo katikati ziache kwanza, hata kama sikio lako linazisikia vizuri. Wengi wetu tukisikia kodi tunataka kuiandika yote, matokeo yake tunabeba upangaji wa okestra na kuumwaga kwenye vidole kumi, na piano inasikika nzito.

Mimi naandika kwa solfa. Vijana waliosoma noti za mistari hunicheka, lakini solfa ina faida moja kubwa kwenye kazi hii: inakuonyesha kila sauti inasimama wapi ndani ya ufunguo, bila kujali ufunguo wenyewe. Ukihamisha wimbo kutoka ufunguo wa okestra kwenda ule unaoifaa piano yako, hakuna kinachobadilika kwenye karatasi. Na uuhamishe. Ufunguo uliochaguliwa kwa ajili ya oboe au mwimbaji hauna haki ya kuitawala piano. Jaribu kushusha toni moja, toni na nusu. Sehemu iliyo karibu na do ya kati ndiko piano inakoimba vizuri zaidi ikiwa peke yake.

Sauti inayokufa

Hapa ndipo albamu nyingi za kuenzi zinapoangukia, na sijaona mwongozo unaolisema wazi. Morricone alikuwa akiandika moja kwa moja kwenye karatasi ya okestra, mezani, bila kujaribu kwenye piano. Melodi zake hazikuumbwa na vidole. Zimejaa sauti ndefu ambazo fidla au mwimbaji anaweza kuzianza ndogo na kuzikuza. Piano haiwezi. Ukibonyeza, sauti inaanza kufa papo hapo, na ikifika pigo la tatu imebaki kivuli. Mpiga piano akihisi sauti inakufa huingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo inayozaa mapambo yote yale ya mkono wa kulia, ngazi za juu na chini, mitetemo, arpejio zisizo na mwisho.

Dawa ziko kadhaa, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuzichanganya ndani ya wimbo mmoja.

Ya kwanza, iache ife. Piga sauti, inua mikono, subiri. Ukiwa na wenzako wawili wanaosikiliza, ule ukimya si mtupu, besi ipo.

Ya pili, badilisha kilicho chini yake. Chukua so katika ufunguo wa C, yaani G, iliyoandikwa mapigo manne. Ibonyeze mara moja tu juu ya kodi ya C: ni ya tano, imetulia, haisemi kitu. Kwenye pigo la tatu, mkono wa kushoto uende A mainor. Ile ile G, ambayo hukuigusa tena, sasa ni ya saba na ina huzuni. Au shuka hadi E-flati: imekuwa ya tatu, na inang'aa ghafla. Au F: imekuwa ya tisa, imeelea. Sikio la msikilizaji linarudi kwenye sauti iliyokuwa inakufa na kuisikia upya. Fanya zoezi hili kwa kila sauti ndefu ya wimbo wako, jaribu kodi zote zenye sauti hiyo ndani yake, halafu chagua mbili au tatu kwa wimbo mzima. Mbili au tatu! Ukibadilisha kila sauti ndefu, msikilizaji atachoka kabla ya ubeti wa pili.

Ya tatu, geuza mapigo manne kuwa matatu. Si kila wimbo unakubali, lakini unaokubali hufunguka. Kipimo kimoja (baa) cha mapigo manne kiwe kipimo kimoja cha mapigo matatu, sio viwili, maana ukifanya viwili umeirefusha sauti badala ya kuifupisha. Sauti ndefu ipate mapigo mawili, la tatu mwachie besi aliongee. Ghafla melodi iliyokuwa inaburuta miguu inatembea.

Ya nne, mpe mwingine. Kama mpiga besi wako ana besi kubwa ya kusimama na uta, mpe melodi ya ubeti wa mwisho aivute kwa uta wakati wewe unagusa kodi tu. Hapa kwetu besi kubwa ni adimu, wengi tunapiga na besi gita. Basi aipige kwenye nyuzi za juu, karibu na shingo, kwa kidole gumba, akiwa amepunguza ukali kwenye amplifaya. Si uta, lakini inaimba.

Kodi: mheshimu mwenye nyumba

Mara ya kwanza melodi inapopita, piga besi ya mtunzi kama ilivyo. Watu wa jazz tuna ugonjwa wa mbili-tano-moja, ule mfuatano wa kodi ya pili, ya tano na ya kwanza za ufunguo, kila tukiona nafasi tunaijaza. Muziki wa Morricone mara nyingi unakaa juu ya besi moja muda mrefu huku sauti za juu zikigongana na kuachiana, mambo ya Bach, yule mtunzi wa kale wa Kijerumani, na ukiipeleka besi mbio unaua migongano hiyo. Kwenye Il clan dei siciliani amemficha Bach waziwazi, kwa herufi za jina lake: kwa Wajerumani B ni B-flati na H ni B ya kawaida, hivyo B, A, C, H inakuwa B-flati, A, C, B. Zipige uone jinsi zilivyosongamana ndani ya nafasi ndogo. Kitu kama hicho ukikitandikia mbili-tano hakisikiki tena.

Mabadiliko yako yaingie mara ya pili au kwenye solo. Na kama umebadilisha, badilisha kwa ujasiri mahali pamoja, kuliko kupaka viungo vidogo vidogo kila kipimo.

Kuijenga fomu

Muziki wa filamu hauna fomu yako. Unakatika pale picha inapokatika. Unaweza kukuta wimbo mzima ni vipimo vinane vinavyorudiwa, na kinachobadilika ni vyombo tu: mara ya kwanza kimoja, mara ya pili nyuzi zinaingia, mara ya tatu kwaya na ngoma kubwa. Once Upon a Time in the West ya 1968 inakua hivyo hivyo, na Edda Dell'Orso anapoingia nywele zinasimama. Wewe una vyombo vitatu, utaongeza nini?

Ongeza kwa kupunguza mwanzoni. Ubeti wa kwanza, mkono wa kulia peke yake. Wa pili, mikono miwili bila besi. Wa tatu, besi iingie, na ngoma iwe kimya bado. Ngoma ikija kuingia ni tukio. Ukianza wote watatu kwa pamoja, hesabu moja mbili tatu nne, huna pa kwenda.

Kwa solo, chagua vipimo kumi na sita au thelathini na mbili vinavyozunguka, viandike, wote mkubaliane. Utangulizi na mwisho viache nje ya mzunguko. Halafu solo yenyewe itoke kwenye wimbo, isitoke kwenye ngazi ulizofanyia mazoezi. Chukua sauti tatu za kwanza za melodi na upige mzunguko mzima kwa sauti hizo tatu tu, ukibadilisha mdundo na oktavu. Utaona aibu, utajiona huna lugha. Endelea. Kwenye mzunguko wa pili ruhusu ya nne.

Wenzako

Marc Johnson alikuwa mpiga besi wa trio ya mwisho ya Bill Evans, mpiga piano wa jazz wa Marekani, hadi Evans alipofariki Septemba 1980, na Pieranunzi ameandika kitabu kizima juu ya Evans. Watatu hawa walikuwa wakipiga pamoja tangu miaka ya themanini. Kwa hiyo besi yao haiko pale kushikilia sakafu, inajibu. Kama wenzako wametoka kwenye bendi za dansi kama wangu, hili linataka mazungumzo, tena ya adabu.

Mpiga besi wangu ni kijana, hajawahi kuliacha pigo la kwanza bila kulikalia. Nilimwambia, "Kaka, pigo la kwanza niachie mimi leo, wewe ingia la pili." Akapiga mara moja, akasimama, akaniangalia kama nimemwambia avue viatu barabarani. Tulichofanya ni kumpa melodi yenyewe aijue kwa moyo kabla ya kujua kodi. Mpiga besi anayejua melodi hachezi kodi tu, anajua wapi anyamaze. Fanya hivyo mapema, na kwa kila wimbo.

Mpiga ngoma ni mzee wetu, amepiga dansi tangu kabla sijazaliwa. Nilimpa shikamoo, nikamkabidhi brashi, nikamwomba aache vijiti. Akazigeuza mkononi, akauliza, "Sasa hapa mimi napiga au nafagia?" Nikasema, "Fagia, mzee wangu." Akafagia. Na alipofagia nilisikia kitu ambacho nisingeweza kumfundisha: kwenye sauti ndefu alikuwa anavuta brashi mduara mmoja mpana juu ya ngozi ya sineri, taratibu, mpaka sauti yangu iishe, ndipo anageuza. Hakuwa anahesabu, alikuwa anaisindikiza sauti inayokufa. Waambie wapiga ngoma wako watafute hilo, ila usiwaonyeshe; wakionyeshwa wanaiga.

Haki, kabla ya studio

Watu wanaliacha hili mwisho, na mwisho linawagharimu. Morricone alifariki Julai 2020. Kwa sheria ya Tanzania haki za mtunzi zinadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, yaani kwake hadi mwisho wa 2070, na kwa nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70, hadi mwisho wa 2090. Hakuna wimbo wake ulio wa bure. Andika orodha ya nyimbo, jina la filamu, mwaka, na mchapishaji wa kila mmoja, kisha anza kwa kuuliza ofisi ya hakimiliki, COSOTA ukiwa Tanzania au KECOBO ukiwa Kenya, namna ya kupata leseni ya kurekodi. Kupiga wimbo kwa kodi zako na solo yako kwa kawaida huingia kwenye leseni hiyo, lakini kuuongezea maneno ya kuimba ni ruhusa nyingine, ya mchapishaji mwenyewe. Na picha ya filamu usiiweke kwenye jalada. Picha si ya mtunzi wa muziki.

Studio

Fupi tu. Wote watatu chumba kimoja, mkionana macho, bila metronomu masikioni, kwa sababu nusu ya mambo niliyoyaeleza hapo juu hayawezekani mdundo ukiwa wa mashine. Kama mko pwani, piano inakunywa unyevu: fundi wa kutuni aje jana yake, na arudi asubuhi ya kurekodi, mumlipe siku mbili. Zima kiyoyozi wakati wa kurekodi, mtatoka jasho. Pigeni kila wimbo mara mbili au tatu kisha mwende mwingine. Nyimbo za polepole zikirudiwa sana zinaanza kuigizwa.

Albamu ya dakika arobaini na tano inatosha. Ukiwa umeamua kuweka wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua, usiuweke wa kwanza, msikilizaji ataketi akingoja mwingine unaojulikana. Uweke wa tano au wa sita, sikio likiwa limeshazoea mwendo wenu. Na mtakapokwenda kuupiga mbele ya watu, taja jina la filamu baada ya wimbo kwisha. Ukilitaja kabla, ukumbi mzima utaanza kutafuta picha kichwani, na wale wa meza za nyuma watapiga mluzi.